Gari la Pwani Halijaandikiwa Kutu

Mwambie mwenye gari yeyote wa Mjambere, Bakarani au Mlaleo, hapa Kisauni, Mombasa, kwamba rangi ya gari lake inataka nta, na jibu utalijua kabla hajafungua mdomo. Gari la Pwani ni la kuliwa na chumvi. Upepo una chumvi, umande una chumvi, maji ya kisima yana chumvi. Utapaka nini kikae? Nta ni mambo ya watu wa Nyali, wenye magari ya kutazamwa. Letu ni gari la kazi. Mradi injini inawaka na breki zinashika, rangi itajijua. Ikipauka, kuna kijana ana mashine ya kusugulia pale kona. Ikizidi, fundi wa rangi yupo. Pesa ya waksi ni afadhali iende kwenye oili.

Nimeyaeleza maneno haya kama wanavyoyasema wenyewe, kwa sababu wanaoyasema si wajinga. Wana ushahidi. Kisauni imebanwa kati ya bahari upande wa mashariki na hori la Tudor upande wa magharibi, na kusi inapovuma inaleta rasharasha ya chumvi mpaka ndani ya mitaa. Aliyewahi kuinua zulia la gari lililokaa hapa miaka kumi ameona sakafu iliyogeuka makapi ya kahawia. Na makopo mengi ya waksi yameandikwa ahadi ambazo jua letu halizitimizi. Kwa hiyo hasira yao naielewa. Lakini uamuzi wanaoufikia haufuati kutoka kwenye ushahidi huo, na unawaumiza zaidi wale wasio na gari la pili.

Kwanza: "Chumvi itakula tu"

Chumvi inakula chuma. Rangi haiili. Kati ya chumvi na chuma kuna matabaka ambayo kiwanda kiliyaweka kwa makusudi: bodi zima hutumbukizwa ndani ya hodhi na kupakwa rangi ya msingi inayoshikishwa kwa umeme, kisha inakuja rangi ya kujazia, kisha rangi yenyewe, na juu yake vanishi isiyo na rangi, ile ambayo mafundi wanaiita klia. Ukiyajumlisha yote, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kinachotenganisha mlango wa gari lako na bahari ni unene wa nywele mbili.

Kutu huanza mahali matabaka hayo yalipokatika: jiwe lilipopiga, mkwaruzo ulipofika chini, ukingo wa mlango ulipomenyeka. Hapo chumvi hunasa unyevu na kuuweka, na kazi ya kutu inakwenda mbio kuliko ingekwenda Nakuru. Anayesema "kuna chumvi nyingi, basi hakuna haja ya kulinda rangi" amegeuza sababu ya kulinda kuwa sababu ya kutolinda.

Na hoja hii ina kasoro nyingine ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho. Chumvi hugusa gari zima, milango na paa sawasawa. Sasa simama kituoni utazame Probox kumi. Ni nini kilichopauka kwanza? Paa, kisha boneti. Milango bado ina rangi. Angalia taa za mbele: plastiki imekuwa ya manjano na ukungu, na upande unaotazama juu ndio ulioharibika zaidi. Hiyo ni kazi ya jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua linasimama utosini. Miale yake huvunja vanishi kidogo kidogo, na vanishi ikishavunjika ndipo chumvi inapata njia. Tumemlaumu mwizi wa pili tukamwacha aliyevunja mlango.

Kuna kunguru pia. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na kufikia 1947 walikuwa wameonekana Mombasa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kampeni ya kupunguza kunguru milioni moja. Mpaka watakapopungua, kila gari linalolala chini ya mwembe au mwarobaini linaamka na kinyesi chenye asidi. Juani vanishi hupata joto na kulainika, kinyesi kikazama, na saa chache baadaye unapangusa ukakuta shimo lenye umbo la kilichokuwa pale. Juu ya nta unapata muda wa kutoka, kuona na kuosha. Bila nta, asidi inakutana na vanishi yenyewe.

Mababu zetu waliokuwa na vyombo walikuwa na adui mkubwa kuliko wetu, maana vyombo vyao vilikaa ndani ya chumvi usiku na mchana. Jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likakalafatiwa kwa pamba. Chini likapakwa deheni ya mafuta na chokaa, juu likapakwa sifa, mafuta ya papa. Baada ya miezi kadhaa likapandishwa tena, kazi ikarudiwa tangu mwanzo. Hakuna nahodha wa Bandari ya Kale aliyeacha kupaka kwa kuwa bahari haiishi. Walipaka kwa kuwa bahari haiishi. Maarifa hayo ni ya kwetu, hayakuletwa na tangazo la kopo.

Pili: "Mimi naliosha kila siku"

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo wazi zaidi. Mtu yuleyule anayelalamikia chumvi ya hewani anapeleka gari kila asubuhi kumwagiwa maji ya kisima. Visima vingi vya Kisauni vina maji ya chumvi, ukiyaonja unajua. Gari linaoshwa, linaachwa likauke juani, na juu ya boneti nyeusi zinabaki duara nyeupe. Hizo ni chumvi na chokaa zilizobaki baada ya maji kwenda. Kesho linaoshwa tena kwa maji yaleyale, duara juu ya duara.

Sabuni nayo ni ya unga, ya kufulia nguo. Imetengenezwa kuondoa mafuta, na inaondoa mafuta ya aina yoyote, ikiwemo nta kama ilikuwapo. Sponji inaanguka mchangani, inachovywa ndani ya ndoo, inarudi kwenye mlango. Tazama mlango wa gari jeusi jioni, taa ya barabarani ikiupiga kwa mshazari: utaona mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando. Jua na chumvi havikwaruzi hivyo. Huo ni mchanga, na ulipelekwa na mkono.

Siwalaumu vijana wanaoosha. Wanalipwa kwa haraka, na mwenye gari anasimama pembeni akitazama saa. Lakini tuache kuita uoshaji huo ulinzi. Na katika mji ambao maji yake ya mfereji yanatoka mbali, Mzima tangu 1957, Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale, na bado mgao haukatiki, kuna jambo la kufikiria: uchafu haushiki sana kwenye gari lenye nta. Vumbi linaondoka kwa maji kidogo, na ndoo mbili za maji baridi ya mfereji zinatosha pale ambapo leo tunamwaga pipa la maji ya chumvi. Hata lile vumbi la saruji linalojulikana na wakazi wa karibu na kiwanda cha Bamburi, ambacho kimekuwa pale tangu miaka ya 1950, hushika vibaya likilowa umande. Likiwahiwa juu ya nta, linasuuzika. Likiachwa juu ya vanishi tupu, mtu atalikwangua, na atakwangua pamoja na rangi.

Wapo pia wanaomalizia kwa kitambaa cha dizeli. Gari linang'aa mpaka adhuhuri, kisha linakusanya vumbi la barabara nzima. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Tatu: "Likipauka nitapiga mashine"

Hoja hii ndiyo iliyoharibu magari mengi zaidi, na nataka kukaa nayo.

Mashine ya kusugulia inang'arisha kwa kuondoa. Hakuna njia nyingine. Ile dawa nzito inayopakwa kwenye pedi ina chembe za kukwangua, na inapozunguka inachukua sehemu ya juu ya vanishi iliyokufa ili iliyo hai ionekane. Vanishi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50. Kila mzunguko wa mashine kwa dawa nzito unaweza kuchukua mikroni kadhaa, na mkono usiozoea ukichelewa kwenye ukingo wa boneti au mstari wa mlango, ambako vanishi ni nyembamba, unafika kwenye rangi. Kumbuka pia kwamba gari lililotoka Japani huenda lilisuguliwa kule kabla ya mnada, na likasuguliwa tena hapa kabla ya kuwekwa yadi. Unaponunua "mng'aro" wa yadi hujui umebakiziwa kiasi gani.

Jambo la pili ni hili: dawa ya kuzuia miale ya jua imo ndani ya vanishi hiyohiyo. Kuisugua ni kuitupa. Gari lililosuguliwa bila kupakwa nta baadaye linatoka juani likiwa na ulinzi mdogo kuliko lilioingia nao. Mng'aro wake wa wiki mbili za kwanza unatokana kwa sehemu na mafuta yaliyomo katika dawa, yanayojaza mikwaruzo. Mafuta yakienda, mikwaruzo inarudi, na mwenye gari anarudi kwa kijana wa kona. Mara ya tatu, ya nne. Halafu siku moja paani linatokea doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Ukilipitisha ukucha, ukingo wa vanishi unainuka na kubanduka kwa vipande vyembamba vikavu. Hapo hapana nta wala mashine itakayosaidia. Kinachobaki ni msasa na rangi mpya.

Mashine ina nafasi yake. Gari lililopauka lisuguliwe mara moja, kwa dawa laini, na mtu anayejua anachofanya, kisha lipakwe nta siku hiyohiyo na litunzwe ili mashine isirudi kwa miaka. Kuifanya mashine kuwa matunzo ya kila mwezi ni kuendelea kutoa kwenye akiba isiyowekewa kitu.

Basi tunafika kwa fundi wa rangi, na hapa kuna gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Rangi na vanishi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kugandishia zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini duniani. Karakana zenye utaratibu hupulizia ndani ya chumba maalumu, na mpulizaji huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kwetu gari linapuliziwa uani, chini ya mti, na kijana amejifunga kitambaa puani. Ukungu unavuka ua na kuingia kwenye kamba ya nguo za jirani na dirisha la chumba wanamolala watoto. Kila rangi mpya ambayo ingeweza kuepukwa kwa kulinda ile ya kwanza inapitia kwenye kifua cha kijana huyo. Anayesema nta ni upuuzi amehamisha gharama kutoka mfukoni mwake kwenda kwenye mapafu ya mwingine, na wala hajui.

Na rangi yenyewe haiwi ile ya kwanza. Kiwandani bodi tupu huokwa kwenye joto la nyuzi 140 na zaidi, kabla ya kuwekewa nyaya, viti na plastiki. Gari zima haliwezi kuokwa hivyo. Rangi ya uani inakaushwa na hewa yenye vumbi na umande wa chumvi. Fundi wetu ana mkono mzuri, mara nyingi mzuri kuliko vifaa vyake, lakini hawezi kukurudishia kilichooza kwa uzembe.

Nne: "Gari ni injini, rangi ni urembo"

Lori lina chesisi. Magari madogo tunayoendesha hayana: sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za paa ndizo fremu yenyewe. Kutu ikiingia humo imeingia kwenye mifupa ya gari, na siku ya ajali ndipo itakapojulikana. Injini ya Toyota inaweza kufunguliwa na kufungwa upya mara nyingi. Sakafu iliyooza inachomelewa kiraka, kisha kiraka juu ya kiraka, mpaka hakuna chuma kizima cha kuchomelea.

Lazima niseme wazi hapa kwamba kupaka nta juu ya paa hakulindi kizingiti. Kutu ya chini ina matunzo yake: kuzibua vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kusuuza chini ya gari kwa maji baridi, na kupuliza nta ya matunduni ndani ya vizingiti. Anayevuka Likoni kila siku analijua tatizo hili, kwa kuwa pale kwenye mteremko wa feri magurudumu hukanyaga maji ya bahari. Lakini sijaona mtu anayesuuza chini ya gari kwa uangalifu huku paa amelitelekeza. Anayejali ngozi ya gari ndiye anayeinama kutazama tumbo lake. Ukisema rangi si kitu, husemi juu ya rangi peke yake.

Tano: "Hizo ni pesa za matajiri"

Hebu tumwangalie mnunuzi wetu siku ya kununua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo wengi tunanunua lenye saba. Mnunuzi anadai karatasi ya mnada wa Japani. Anaisoma kwa makini: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, C ni chuma kilichooza. Akiona S kwenye tao la gurudumu anakataa gari. Yuko tayari kuongeza maelfu ya shilingi apate daraja la 4 badala ya 3.5. Amelipia rangi, na amelipa sana. Kisha gari linafika Mjambere, linaegeshwa juani kuanzia asubuhi hadi magharibi, linaoshwa kwa maji ya kisima, na ndani ya miaka michache mwenyewe ameshaziandika S zote alizokuwa akizikimbia.

Tajiri hubadilisha gari kabla vanishi haijafa. Nta kwake ni hiari. Wa kuihitaji ni mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco akanunua gari moja litakalomsomeshea watoto, na mwenye tuktuk ambaye bati la chombo chake ni jembamba na ndicho chombo pekee alicho nacho. Gari la abiria likilazwa wiki moja kwa fundi wa rangi, wiki hiyo halina hesabu ya kumpelekea mwenyewe. Na siku ya kuuza, mnunuzi wa bara anauliza swali moja kabla ya yote: limekaa Pwani? Akisikia ndiyo, anakata bei. Anayekatwa ni yule anayeuza kwa sababu ya karo au hospitali, asiye na nafasi ya kusubiri mteja mwingine.

Kopo la kawaida la waksi halifiki bei ya kupaka rangi mlango mmoja, na linahudumia gari kwa miezi mingi kwa sababu kinachotakiwa ni kidogo. Kazi yenyewe ni hii. Alfajiri, bodi likiwa baridi na liko kivulini, lioshe kwa sabuni ya magari na maji ya mfereji, lisuuze, likaushe kwa kitambaa laini kabla maji hayajajikausha yenyewe. Pitisha kiganja juu ya boneti. Pakikwaruza kama mchanga, bado ni pachafu. Paka nta nyembamba, paneli moja kwa wakati, mpaka uone ukungu tu. Ikishakauka, ifute kwa kitambaa kingine safi. Wanaolalamika kwamba waksi inaacha utando mweupe usiotoka, mara nyingi wamepaka nene, tena saa sita mchana.

Ile nta bora ya makopo inatoka kwenye mkanauba, mti wa porini wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambao hujipaka nta kwenye majani yake ili jua lisiunyang'anye maji. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64, na boneti jeusi la saa nane mchana hapa kwetu laweza kufika huko. Ndiyo sababu nta ya nyuki peke yake haitufai. Nta haizuii miale yote ya jua, na kivuli kinashinda kopo lolote. Inachofanya ni kutangulia mbele: kinyesi, chumvi, vumbi na sabuni vinaila yenyewe kwanza kabla ya kufika kwenye vanishi, nawe unapaka nyingine.

Nina neno na wauzaji pia

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kuuza "seramiki" ya miaka mitano, kwamba ukishapaka umemaliza. Hiyo nayo si kweli kwa Pwani. Seramiki ni tabaka gumu na jembamba. Inakaa kuliko nta, lakini maji ya kisima yakikauka juu yake yanaacha duara zilezile, na sponji ya mchangani inaikwaruza vilevile. Mtu asikope kwa ajili yake. Ahadi kama hizi ndizo zinazowapa nguvu wale wanaosema vyote ni uongo.

Wenye yadi za magari wana deni kubwa zaidi. Magari yanasimama nje miezi, kati ya bandari, Changamwe na barabara kuu, kisha yanapigwa mashine asubuhi ya mteja. Wangeyapaka nta yanapotoka bandarini wangemuuzia mteja vanishi iliyobaki nzima, na hilo lingewagharimu kidogo kuliko mashine. Nazo sacco za matatu, ambazo tayari zinaandika kwenye daftari siku oili ilipobadilishwa, ziandike na siku ya nta. Kwa gari linaloshinda juani hapa Kisauni, kila miezi miwili; kwa linalolala kivulini, mitatu. Na kama nta iliyobaki kwenye kopo haitoshi gari zima, ipakwe paa na boneti kwanza.